Sehemu ya Mji Isiyofika Bombani

Mto Ruaha Mdogo unaanzia nyanda za juu za Mufindi, unapita chini ya mwinuko uliobeba mji wa Iringa, unashuka hadi mashamba ya mpunga ya Pawaga, kisha unaungana na Ruaha Mkuu kabla ya Bwawa la Mtera. Iringa, ambayo sensa ya 2022 iliikuta na wakazi 202,490, huchota maji katika mto huo huo, pale Ndiuka. Sehemu ya maji hayo, yakishapikiwa, kufuliwa na kumwagwa chooni, huurudia mto. Walio chini yake ni wengi: mkulima wa Pawaga anayesimama jarubani maji yakimfika magotini, mvuvi wa Mtera, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Na tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hivyo mdogo wake, unaotiririka mwaka mzima, umekuwa na thamani kubwa kuliko jina lake.

Iringa ni mji wenye nafuu. Una mamlaka ya maji inayojulikana, una mabwawa ya kutibu majitaka, na ofisi kuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko hapo hapo mjini. Miji mingi iliyo midogo kuliko Iringa haina hata bwawa moja. Lakini hata pale penye nafuu, swali la msingi halijajibiwa, na ndilo ninalotaka kulichambua hapa. Tumezoea kuulinda mto pale bomba la majitaka linapoishia, ilhali sehemu kubwa ya kinyesi cha miji yetu haiingii katika bomba lolote. Katika miji mingi ya Tanzania walioungwa na mfumo wa mabomba ya majitaka hawafiki hata mmoja kati ya watano. Wengine wote wana choo cha shimo au karo nyuma ya nyumba. Sheria, bajeti na hotuba zinamshughulikia huyo mmoja. Hao wanne hatujawapangia.

Kwanza tuelewe mto wenyewe unaweza kubeba nini. Mto si mfereji. Una uhai unaopumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji safi yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na kadiri joto na mwinuko kutoka usawa wa bahari vinavyoongezeka ndivyo kiasi hicho kinavyopungua. Uchafu wa kinyesi ukiingia, bakteria huula, na katika kuula hutumia oksijeni hiyo. Wataalamu hupima nguvu ya majitaka kwa kuangalia ni oksijeni kiasi gani bakteria watahitaji kwa siku 5. Kwa makadirio yanayotumiwa na wasanifu wa mitambo katika nchi zetu, mtu mmoja huzalisha kila siku uchafu wa kumaliza gramu 40 hivi za oksijeni.

Chukua mji wenye watu 20,000 waliounganishwa na bomba, kila mmoja akipeleka huko lita 80 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 1,600 za majitaka zenye mzigo wa kilo 800. Sasa weka kando yake mto wa kiangazi unaopitisha lita 100 kwa sekunde, kiasi ambacho mito yetu mingi ya milimani ingetamani kuwa nacho mwezi wa kumi. Mto huo hupitisha kwa siku mita za ujazo 8,640, na ndani yake, maji yakiwa mazuri, kuna kilo 75 hivi za oksijeni. Kilo 800 zinadaiwa, kilo 75 ndizo zilizopo. Mto huvuta oksijeni mpya kutoka hewani kadiri unavyotembea, hasa penye maporomoko, lakini deni la namna hiyo haulipi. Hapo samaki hufa, maji huwa meusi, na harufu ya yai viza hupanda.

Majitaka hayo hayo yakitibiwa mpaka mahitaji yake ya oksijeni yawe miligramu 30 kwa lita, ambacho ni kiwango cha kanuni za ubora wa maji za Tanzania za 2007, mzigo hushuka kutoka kilo 800 hadi kilo 48. Deni hilo mto unaweza kulilipa kidogo kidogo ukiwa safarini. Tofauti ya kilo 800 na kilo 48 ndiyo maana nzima ya kutibu majitaka. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini mji mdogo usidhani udogo wake ni kinga. Jiji la pwani lina bahari mbele yake, lakini mji wa milimani mara nyingi una kijito tu, na kinachoamua ni kijito hicho kina maji kiasi gani mwezi wenye ukame mkali kuliko yote.

Njia ya kutibu inayofaa miji yetu tunaijua na tunayo. Ni mabwawa. Dodoma ina mabwawa ya Swaswa, Morogoro ya Mafisa, Moshi ya Mabogini, Mwanza ya Ilemela. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett walitangaza huko Manchester njia ya kupuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria wafanye kazi haraka, na njia hiyo ndiyo iliyoenea katika miji ya Ulaya na Marekani. Inafaa penye baridi, penye ardhi haba na umeme wa uhakika. Sisi tuna jua. Wataalamu wa taaluma hii, kuanzia Profesa Duncan Mara aliyefundisha Chuo Kikuu cha Leeds hadi watafiti waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Jamidu Katima na Karoli Njau, wameandika kwa miaka mingi kuonyesha kwamba katika joto letu bwawa lililochimbwa vizuri huua vimelea vizuri kuliko mitambo mingi ya mashine. Mtu akikwambia kwamba mabwawa ni teknolojia ya kimaskini, anakosea.

Ukisimama kwenye mabwawa hayo asubuhi utaona kazi yote kwa macho. Pale majitaka yanapoingia kuna chujio la nondo, na mtumishi mwenye reki anavuta yaliyokwama: matambara, nepi, pedi, mifuko, magunzi, chupa za plastiki, mara nyingine kiatu cha mtoto. Kisha yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 3 au 4, jeusi, lenye ukoko juu na viputo vinavyopanda taratibu. Humo hamna oksijeni. Tope linatuama chini na bakteria wasiohitaji hewa wanalimeng'enya. Kwa siku moja au mbili zaidi ya nusu ya mzigo imeondoka. Bwawa la pili ni pana na lina kina cha mita moja na nusu, na rangi yake ni kijani kibichi. Kijani hicho ni mwani, nao wakati wa jua hutoa oksijeni ambayo bakteria huitumia kumaliza kilichobaki. Mabwawa ya mwisho yana kina cha mita moja tu ili mwanga ufike chini. Humo, muda, mionzi ya jua na hali ya magadi inayoletwa na mwani adhuhuri huua bakteria wa magonjwa, na mayai ya minyoo, ambayo ni mazito, hubaki chini. Safari nzima inaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Hakuna injini inayovuma.

Kwa kuwa hakuna injini, hakuna kinachokatika na kupigiwa kelele, na hapo ndipo pabaya. Mashine ikisimama, meneja anaulizwa siku hiyo hiyo. Bwawa likijaa tope halimsumbui mtu kwa muda mrefu. Kila mtu aliyeunganishwa na bomba huacha kama lita 40 za tope kwa mwaka chini ya bwawa la kwanza. Kwa mji wetu wa mfano hizo ni mita za ujazo 800. Bwawa la kwanza la kuhudumia watu 20,000 katika joto la nyuzi 20 linahitaji ukubwa wa mita za ujazo 2,700 hivi, maana yake ndani ya mwaka mmoja theluthi imejaa, na huo ndio wakati wa kulitoa tope. Likiachwa miaka mitatu, halina tena nafasi. Tope linahamia bwawa la pili, mwani unakufa, rangi ya kijani inageuka kuwa ya kijivu, na maji yanayotoka mwisho yanafanana na yale yaliyoingia. Ukipita kwa gari barabarani utaona mabwawa yapo, maji yanameremeta, uzio umesimama. Kazi imekoma.

Kutoa tope ni kazi chafu na ya gharama, haina utepe wa kukata, na wafadhili wanaojenga mabwawa hawarudi kuyasafisha. Bajeti yake hutakiwa kutengwa kila mwaka, na ndiyo ya kwanza kufyekwa pampu ya maji safi inapoungua. Sishangai kwamba meneja huchagua pampu, kwa kuwa wananchi wasio na maji wataandamana ofisini kwake, ilhali samaki hawana ofisi ya kwenda kulalamika. Lakini ningependa kila mji unaojenga mabwawa uandike katika mkataba wake, kabla ya tingatinga kuchimba, ni nani atayatoa tope, baada ya muda gani, kwa fedha ya mfuko upi, na tope litakaushiwa kwenye ardhi ipi. Mahali ambapo majibu hayo hayapo, mji umejenga mabwawa ya miaka mitatu kwa bei ya mabwawa ya miaka thelathini.

Sheria tunazo za kutosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka mtoni awe na kibali cha bodi ya bonde, na bodi hizo ziko 9 nchi nzima. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inasimamia mamlaka za maji na kuchapisha taarifa za utendaji wao. NEMC, baraza la mazingira la taifa, ina mamlaka ya kutoza faini. Kanuni za 2007 zinataja namba: miligramu 30 za mahitaji ya oksijeni kwa lita, bakteria wa kundi la koliform wasiozidi 10,000 katika mililita 100. Kenya ilikwenda mbali zaidi katika kanuni zake za 2006, ikaandika kwamba bakteria wa kinyesi, yaani E. koli, wasiwepo kabisa katika majitaka yanayoingia kwenye mazingira. Kwa mtazamo wangu kiwango cha sifuri kiliumiza kuliko kilivyosaidia. Hata mabwawa mazuri hayafiki sifuri kila siku bila klorini au mashine, na kanuni ambayo hakuna mji unaoweza kuitimiza huwafanya wote kuwa wakosaji sawasawa, aliyejitahidi na aliyelala.

Tatizo kubwa zaidi la sheria hizi ni kwamba zote zinahitaji mahali pa kuweka kipimo. Kibali hutolewa kwa mwenye bomba. Sampuli huchotwa kwenye mdomo wa bomba. Faini hutozwa kwa mwenye bomba. Kwa hiyo mamlaka ya maji, ambayo imekusanya majitaka na kuyapeleka kwenye mabwawa, ndiyo inayosimamishwa na kuulizwa, na sehemu ya mji iliyobaki, ambayo hakuna aliyeikusanyia chochote, haina mdomo wa kupimia. Uchafu wake unaingia mtoni usiku, kwa mvua, kwa mitaro na kupitia udongo.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga bondeni anajua inavyokuwa. Choo cha shimo kimejaa, mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine, gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye uchochoro na bei yake ni kodi ya mwezi mzima. Mvua kubwa ya masika ikianza, shimo linatobolewa pembeni na kilichomo kinaachiwa kiende na maji. Kutapisha vyoo ni kosa, kila mwenyekiti wa mtaa anajua ni kosa, na bwana afya akija asubuhi ameshachelewa kwa kuwa mvua imekwishaosha ushahidi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingine na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Kuwakamata wanaotapisha ni sawa, lakini mtu asiye na njia halali ya kuondoa kilichojaa atatumia ile haramu hata ukimtoza faini mara mbili.

Wapo wanaotoa kwa mikono. Dar es Salaam huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni na ndoo na koleo, mara nyingi wamekunywa kwanza ili waweze kuvumilia. Wanafukia walichotoa kwenye shimo jipya uani au wanakimwaga mtaroni. Majaribio ya kuwapa vifaa bora yana historia ndefu. Kati ya 1988 na 1992 shirika la Uholanzi liitwalo WASTE lilitengeneza jijini humo mkokoteni wenye pampu ya mkono uliojulikana kama MAPET. Ulifanya kazi vizuri lakini haukudumu. Miaka ya 2000 ikaja pampu nyingine ya mkono, Gulper, nyepesi, inayoweza kutengenezwa na fundi wa kuchomea vyuma, na vikundi vidogo vya wajasiriamali Temeke vikaanza kuitumia pamoja na pikipiki za magurudumu matatu. Sehemu ya tope lao ilipelekwa kwenye mtambo mdogo wa kuchakata, uliojengwa Kigamboni kwa msaada wa shirika la BORDA. Nadhani somo la muhimu katika habari hiyo ni mahali pa kupeleka. Kijana mwenye pampu nzuri asiye na mahali pa kumwaga karibu atamwaga kwenye mtaro, na pampu itakuwa imeharakisha uchafuzi.

Fanya hesabu ya mji wa mfano upande huu pia. Sema mji una watu 100,000. 20,000 wana bomba, 80,000 wana mashimo na makaro. Kwa lita 50 za tope kwa mtu kwa mwaka, watu hao 80,000 huacha mita za ujazo 4,000. Gari la mita za ujazo 5 litahitaji safari 800 kwa mwaka, yaani safari 2 au 3 kwa siku ya kazi. Nilipoifanya hesabu hii niliirudia kwa kutoamini, kwa kuwa inaonyesha kwamba theluthi mbili na zaidi ya kinyesi cha mji kinaweza kubebwa na gari moja linalofanya kazi vizuri na la pili la akiba, pamoja na vikundi vya pampu za mkono kwa vichochoro visivyopitika. Bei ya magari mawili ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kilomita kumi za bomba. Kinachokosekana ni mpango.

Gari hilo lisimwage kwenye mabwawa ya majitaka, na hapa ndipo miji mingi hujiumiza. Tope la shimoni lina nguvu mara kumi hadi mara hamsini ya majitaka ya bomba. Gari moja la lita 5,000 linaweza kubeba mzigo wa zaidi ya lita 100,000 za majitaka ya kawaida. Magari matatu yakimwaga asubuhi kwenye bwawa lililosanifiwa kwa ajili ya bomba, bwawa linazimia. Tope linahitaji mahali pake: vitanda vya kukaushia vyenye changarawe chini na mchanga juu, ambapo maji huchujika na kuelekezwa kwenye mabwawa yakiwa na mzigo uliopungua, na tope hubaki juani kwa wiki kadhaa hadi lipasuke kama udongo wa mbugani. Likikauka bado si salama. Mayai ya minyoo huvumilia, na Shirika la Afya Duniani linataka tope lihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja katika joto letu kabla ya kupelekwa shambani.

Penye tope lililokauka kuna mali. Naivasha, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa lenye mashamba makubwa ya maua, kampuni ya Sanivation imekuwa ikichakata kinyesi na kukichanganya na mabaki mengine kutengeneza mkaa wa kuchoma viwandani na majumbani. Sitaki msomaji aondoke na imani kwamba mkaa huo utalipia huduma yote. Biashara ya mazao ya tope husaidia gharama, haizibebi. Lakini hoja yake nyingine ni nzito: kila tani ya tope iliyogeuzwa kuwa mkaa ni tani ambayo haikwenda ziwani, na ni miti iliyobaki imesimama.

Nani alipe? Hili ndilo swali ambalo mijadala yetu hulikwepa. Aliyeungwa na bomba hulipa ada ya majitaka ndani ya bili yake ya maji. Asiyeungwa halipi chochote mpaka siku shimo lijae, na siku hiyo anadaiwa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, siku ambayo mara nyingi hana. Mji wa Dumaguete nchini Ufilipino ulilitatua kwa njia nyepesi. Ulijenga mtambo wa kuchakata tope uliofunguliwa 2010, ukaongeza peso 2 kwa kila uniti ya maji katika bili ya kila mteja, na kwa fedha hiyo magari ya mji hupita mtaa kwa mtaa kwa ratiba, yakitoa karo la kila nyumba baada ya miaka michache bila kusubiri lijae. Mwenye nyumba halipi siku gari linapokuja, kwa kuwa alishalipa senti kwa senti. Hana sababu ya kutobolea karo lake mtaroni.

Sioni kizuizi cha kujaribu hivyo Njombe, Babati au Korogwe. Bili za uniti tunazo. Ipo shida ya nyumba zisizo na mita ya maji, zinazochota kisimani au kununua kwa ndoo, na hao mara nyingi ndio maskini zaidi na ndio wenye mashimo yanayofurika. Kwa upande wao ada haina pa kushika. Mimi ningewahudumia kwa fedha ya wenye mita, kwa ratiba ile ile, bila kuwadai. Wapo watakaoliona jambo hilo kuwa si haki. Lakini kinyesi cha jirani asiye na mita kinaingia kwenye mto ule ule unaojaza tanki la mwenye mita, na kukiondoa ni kujilipia maji yako mwenyewe.

Machinjio nayo yana sehemu yake. Yamejengwa kando ya mto karibu kila mji mdogo, kwa sababu zamani maji ya kuoshea yalitoka humo. Damu ni kali kuliko kinyesi: damu ya ng'ombe mmoja ikimwagwa yote mtoni ni mzigo wa watu wapatao 40 kwa siku. Mji unaochinja ng'ombe 25 kila alfajiri bila kukinga damu umeongeza watu 1,000 kwenye mto kabla ya kifungua kinywa. Damu hukingwa kwa ndoo na mfereji wa saruji, huchemshwa na kukaushwa ikawa chakula cha kuku. Ni kazi ya miezi michache, haihitaji mfadhili, na kama ningekuwa mkurugenzi wa halmashauri ningeanza nayo kabla sijagusa bomba lolote.

Baada ya hayo, bomba lenyewe. Sisemi lisijengwe. Katikati ya mji, penye masoko, hoteli, hospitali, stendi na nyumba za ghorofa, mashimo hayatoshi na bomba halikwepeki. Lakini si lazima liwe bomba la kina kirefu linalopita katikati ya barabara. Brazili, kuanzia mji wa Natal miaka ya 1980, walilaza mabomba membamba kwa kina kifupi, yakipita nyuma ya nyumba na uani kwa makubaliano ya majirani wa eneo moja, na gharama zikashuka sana. Njia hiyo inadai jambo ambalo mhandisi hafundishwi chuoni, yaani vikao vya mtaa. Majirani lazima wakubaliane nani atazibua chemba ikiziba, na asiwepo wa kutupa gunzi. Uzoefu wetu wa kamati za maji za vijiji unatupa pa kuanzia.

Yapo pia mashamba ya matete, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuyatafiti miaka ya 1990 na kuyajenga katika shule na vyuo, vikiwemo vya Iringa, na Moshi baada ya mabwawa ya Mabogini. Majitaka yaliyokwisha kutuama hupita polepole kwenye changarawe iliyooteshwa matete, na mizizi na bakteria humalizia. Kwa shule ya bweni, gereza au hospitali ya wilaya iliyo mbali na bomba, siijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Mabogini inafundisha jambo jingine. Wakulima wa mpunga chini ya mabwawa ya Moshi hutumia maji yatokayo humo kumwagilia. Wanajua yana mbolea. Nitrojeni na fosforasi haziondoki kirahisi katika mabwawa, na zikiachwa ziende ziwani hulisha magugu maji kama yale yaliyofunika ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990. Shambani ni neema. Mto unabaki na maji yake, mpunga unapata mbolea, na virutubisho vinaishia kwenye jaruba. Sharti lake ni kwamba mabwawa yafanye kazi kweli. Shirika la Afya Duniani linataka yai la minyoo lisizidi moja kwa lita katika maji ya kumwagilia, na sharti hilo hutimizwa na mabwawa yaliyotolewa tope. Mabwawa yaliyojaa humpeleka mkulima mbolea na minyoo katika mkondo mmoja, naye yumo humo miguu mitupu, mara nyingi na watoto wake.

Kuna jambo la haraka kuliko yote haya, nalo ni ardhi. Mabwawa, vitanda vya tope na ghala la kuhifadhi vinahitaji hekta 10 hivi kwa mji wa mfano wetu, mahali pa chini panapofikika kwa mteremko bila pampu, chini ya chanzo cha maji ya kunywa na mbali na nyumba. Leo mji wenye watu 30,000 bado unalo eneo hilo. Baada ya miaka kumi litakuwa limepimwa viwanja na kuuzwa, na mwenye kiwanja atakuwa na hati mkononi. Miji iliyojenga mabwawa yake pembezoni zamani sasa imeyazunguka kwa nyumba, na wenye nyumba wanalalamika harufu ya kitu kilichokuwepo kabla yao. Ofisa ardhi anaweza kulitenga eneo hilo mwaka huu kwa ramani, vigingi vya saruji na tangazo katika gazeti la serikali, hata kama fedha za kuchimba hazitapatikana mpaka 2040.

Na vipimo viende kwa watu. Bodi za mabonde hupima maji, mamlaka hupima majitaka yanayotoka, na matokeo hukaa kwenye mafaili. Sheria ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na wengi wa wanachama wake ni wakulima na wafugaji walio chini ya mji. Wapewe matokeo kila mwezi kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata: maji yaliyotoka mabwawani yalikuwa na mzigo kiasi gani, kiwango ni kipi, tope lilitolewa lini mara ya mwisho, magari yalifanya safari ngapi. Namba nne. Mtu anayemwagilia kwa maji hayo atazisoma kwa makini kuliko mkaguzi yeyote, na mwezi zitakapokosekana yeye ndiye atakayepanda basi kwenda mjini kuuliza.